Kwa nini nguva wanasimuliwa hata na watu wasio na bahari?

Mkaazi wa Chwaka

Ndugu wanajamvi, nawasalimu nyote.

Ninalo swali ambalo ningependa lijibiwe na waliolisoma jambo hili kwa undani. Sisi wa pwani tunamjua nguva kwa sura mbili. Yupo nguva mnyama, anayekula nyasi za baharini, ambaye wavuvi wa Lamu, Mafia na Kilwa humnasa kwa nadra katika nyavu za jarife; na yupo nguva wa hadithi, mwanamke mwenye nywele ndefu na mkia wa samaki, anayewavuta watu majini kwa uzuri wake au kwa sauti yake. Maelezo tunayopewa siku zote ni mepesi: baharia mwenye uchovu alimwona mnyama kwa mbali, akadhani ni mtu, akafika bandarini na kusimulia, na waliomsikia wakaongeza chumvi.

Ninapotazama ramani, maelezo hayo hayanitoshi. Mwaka 2012 Samuel Sipepa Nkomo, aliyekuwa waziri wa rasilimali za maji nchini Zimbabwe, aliiambia kamati ya bunge kwamba kazi katika mabwawa mawili, moja upande wa Gokwe na jingine upande wa Mutare, ilikuwa imekwama kwa sababu mafundi waliogopa viumbe hao na kukataa kurudi. Zimbabwe haina pwani hata hatua moja. Watu wa Katanga, walio katikati ya bara, wanaye wa kwao. Wairishi, Wanorwe na Warusi wanasimulia wanawake wa majini katika maji yenye baridi kali ambamo nguva mnyama hawezi kuishi. Wajapani wanao pia.

Basi naomba kuuliza: je, mnyama ndiye chanzo, au ni hadithi moja iliyosafiri na vyombo vya biashara, au kila watu walimbuni wa kwao kwa sababu zao? Naomba majibu yenye ushahidi. Shuhuda za jirani wa shangazi aliyemwona kwa macho yake usiku wa mbalamwezi tunazo za kutosha huku kwetu.

Nahodha Mstaafu

Mkaazi wa Chwaka, salamu zimepokewa. Naona umemhukumu mnyama kabla hajajitetea, kwa hiyo nitasimama upande wake.

Ushahidi mashuhuri zaidi ni wa Christopher Columbus. Tarehe 9 Januari 1493, akiwa kwenye pwani ya kaskazini ya Hispaniola, kisiwa ambacho leo kimegawanywa kati ya Haiti na Jamhuri ya Dominika, aliona nguva watatu waliojitokeza juu ya maji. Kumbukumbu ya safari hiyo, ambayo tunayo kwa muhtasari wa padri Bartolomé de las Casas, inasema kwamba hawakuwa wazuri kama wanavyochorwa, kwamba nyuso zao zilifanana kwa kiasi fulani na za watu, na kwamba alikwisha kuwaona wengine katika pwani ya Guinea. Maji hayo yote mawili, ya Karibi na ya Afrika Magharibi, yana manati, ndugu wa nguva wetu. Ni vigumu kusema kwamba hilo limetokea kwa bahati tu. Wataalamu wa viumbe nao hawakuona haya kulikiri jambo hili, kwani kundi zima la wanyama hawa wameliita Sirenia, kwa jina la Siren, wale waimbaji wa baharini wa hadithi za Wayunani.

Aliyewahi kumtazama nguva akipumua ataelewa jinsi macho yanavyodanganywa. Hana pezi la mgongoni kama pomboo, kwa hiyo anapopanda hakuna kinachokata maji. Kinachotangulia ni ncha ya pua yenye matundu mawili yanayofunguka na kufungika kama vifuniko, halafu kisogo cha mviringo kisicho na masikio ya nje, halafu mgongo laini wa rangi ya kijivu na kahawia, na mwisho kabisa, akiwa anazama, mkia wenye panda mbili unanyanyuka mara moja na kupotea. Kwa mtu aliye umbali wa mita mia mbili, jua likiwa machoni, amekwisha kuona kichwa, bega na mkia wa samaki kwa mpangilio huohuo. Zaidi ya hapo, jike ana matiti mawili tu, nayo yako kwapani, karibu na pale yalipo ya mwanamke. Hakuna samaki mwenye kitu kama hicho, na mvuvi anayemkuta jike mwenye maziwa ndani ya wavu wake hawezi kukosa kushtuka.

Ninaongeza jambo moja dogo kwa wanaosema kwamba mnyama huyu hawezi kuishi kwenye baridi. Mwaka 1741 Georg Steller, mtaalamu wa viumbe aliyekuwa katika msafara wa Vitus Bering, aliwakuta huko kaskazini mwa Pasifiki, katika maji ya barafu, nguva wakubwa wenye urefu wa hadi mita 8. Kufikia mwaka 1768 walikuwa wamekwisha kuwindwa hadi wa mwisho.

Binti Saada

Mzee Nahodha, shikamoo. Ushahidi uliouleta ni wa kweli, lakini kwa maoni yangu unaelemea upande wa pili. Columbus hakumbuni nguva baada ya kumwona mnyama. Alimwona mnyama akamlinganisha na nguva aliyekuwa amemzoea katika picha, na ndiyo maana akalalamika kwamba uzuri umepungua. Picha ilitangulia, mnyama akafuata, na mnyama akashindwa mtihani.

Tuchukue ushahidi mwingine wa mabaharia, ambao haukutokea karibu na nguva yeyote. Tarehe 15 Juni 1608 chombo cha nahodha Mwingereza Henry Hudson kilikuwa katika bahari ya Aktiki karibu na Novaya Zemlya, kaskazini mwa Urusi. Mabaharia wawili, Thomas Hilles na Robert Rayner, walieleza kwamba kiumbe alisogea hadi ubavuni mwa meli akawatazama kwa makini. Alikuwa na mgongo na matiti kama ya mwanamke, ngozi nyeupe sana, nywele ndefu nyeusi, na alipozama waliona mkia kama wa pomboo wenye madoadoa kama ya samaki aina ya kibua. Nguva wa Steller waliishi mbali sana na hapo, katika Pasifiki. Huenda watu hawa waliona sili, mnyama wa baharini wa nchi za baridi. Wanorwe wa karne ya 13 nao waliandika habari za viumbe wa baharini wenye mabega na vichwa vya watu, na mwaka 1981 watafiti wawili wa Kanada, Waldemar Lehn na Irmgard Schroeder, walionyesha katika jarida la Nature jinsi jambo hilo linavyoweza kutokea: hewa yenye joto ikikaa juu ya hewa baridi iliyogusa bahari, miale ya mwanga hupinda, na kitu kifupi kilicho mbali, kama vile kichwa cha walarasi, ndugu wa sili mwenye meno marefu kama pembe, huvutwa kwenda juu hadi kuonekana kama nguzo yenye mabega. Tazameni basi: sili, manati na hata hewa yenyewe, vyote viligeuka kuwa nguva machoni pa watu waliokuwa wakimtarajia nguva. Mnyama anaeleza ni nini kilionekana siku fulani mahali fulani. Haelezi matarajio yale yalitoka wapi.

Tukiyafuata matarajio hayo tunafika Mesopotamia, yaani Iraki ya leo, na Shamu. Berossos, kuhani wa Babeli aliyeandika kwa Kiyunani katika karne ya 3 kabla ya Kristo, anasimulia habari za Oannes, kiumbe mwenye mwili wa samaki na kichwa cha mtu chini ya kichwa cha samaki, aliyetoka baharini mchana kuwafundisha watu kuandika, kujenga na kulima, na jua likizama akarudi majini. Huyo ni mwanamume na ni mwalimu. Hana uzuri wa kumpoteza mtu. Kwa upande wa wanawake yupo Atargatis, mungu wa kike wa Washamu, ambaye Wayunani walimwita Derketo. Mwanahistoria Diodoros wa Sicilia anaeleza kwamba huko Askalani alimpenda kijana mmoja, akazaa naye binti, kisha kwa aibu akamuua kijana yule na kujitupa ziwani, ambapo mwili wake uligeuka kuwa samaki, isipokuwa kichwa. Mwandishi Lukiano wa Samosata, katika karne ya 2 baada ya Kristo, alisema kwamba huko Foinike aliiona sanamu yake ikiwa nusu mwanamke na nusu samaki, lakini katika hekalu kubwa la Hierapolis, mji ambao leo ni Manbij, alikuwa mwanamke mzima. Hekalu lilikuwa na bwawa la samaki watakatifu, na waumini wake hawakula samaki.

Wale waimbaji wa Kiyunani ambao mzee amewataja hawakuwa na mkia wa samaki hata kidogo. Mshairi wao Homeri hasemi walikuwa na umbo gani, na wafinyanzi wa Kiyunani waliwachora wakiwa ndege wenye vichwa vya wanawake. Mkia wa samaki unaonekana waziwazi katika kitabu cha Kilatini kuhusu viumbe wa ajabu, Liber Monstrorum, cha karne ya 7 au ya 8. Baada ya hapo maumbo yote mawili yaliishi pamoja kwa karne nyingi, hadi samaki akamshinda ndege.

Aliyelikuza umbo hilo ni Kanisa. Mapadri wa Ulaya ya Magharibi walimhitaji mwanamke wa kuonyesha hatari ya kujipamba na tamaa ya mwili, wakamchonga makanisani akiwa na kitana mkono mmoja na kioo mkono wa pili. Katika kijiji cha Zennor, Cornwall, kusini-magharibi mwa Uingereza, benchi la kanisa lenye mchongo huo, kazi ya karne ya 15, lipo hadi leo, na wanakijiji wakalitungia hadithi kwamba nguva huyo alikuja kusikiliza sauti nzuri ya kijana mwimbaji wa kwaya, Mathew Trewella, akaondoka naye baharini. Ajabu ni kwamba katika hadithi hii anayevuta kwa sauti ni mwanamume. Picha ya kitana na kioo ndiyo iliyopakiwa katika ramani, katika nakshi za meli na katika vichwa vya mabaharia Wareno na Wahispania walipoanza kuzunguka dunia.

Mwana wa Katanga

Nimefurahi kuona Bi Saada ameishia kwenye kitana na kioo, kwa maana mimi nitaanzia hapohapo. Nimezaliwa Lubumbashi, mji ulio zaidi ya kilomita elfu moja kutoka bahari yoyote, na katika mji wetu mwanamke huyu anaitwa Mamba Muntu. Alitundikwa ukutani katika vyumba vya kupokelea wageni vya mitaa ya wafanyakazi, hasa katika miaka ya 1960 na 1970, bila mwenye nyumba kuona ajabu yoyote.

Picha zenyewe zilichorwa na wachoraji wa mitaani juu ya kitambaa cha magunia ya unga kilichovutwa kwenye fremu na kupakwa rangi ya chini. Kizazi hicho cha wachoraji ndicho kilichomtoa Tshibumba Kanda Matulu, aliyechora historia ya Zaire katika picha zaidi ya 100 mwaka 1973 na 1974 akishirikiana na Johannes Fabian, mtafiti wa tamaduni. Pamoja na picha za koloni ya Ubelgiji na za Lumumba, Mamba Muntu alikuwa miongoni mwa zile zilizonunuliwa zaidi. Anaketi ukingoni mwa maji, ngozi yake nyeupe au ya maji ya kunde, nywele nyeusi zikiteremka hadi mgongoni, mkia wa samaki ukiwa umekunjwa chini yake na nyoka akiwa amemzunguka au amelala kando. Mara nyingi amevaa saa ya mkononi. Mimi naiona saa hiyo kuwa ufunguo wa picha nzima, kwa sababu katika mji uliojengwa na kampuni ya shaba, ambako king'ora cha zamu kilipanga siku ya kila nyumba, mwenye saa alikuwa mtu wa mshahara, na huyu mwanamke wa majini anamiliki kile ambacho mume wa nyumba anakitafuta.

Hadithi inayokwenda na picha ni hii. Mwanamume anamkuta ukingoni akichana nywele. Mwanamke anashtuka na kuzama, akiacha kitana au shungi la nywele. Mwanamume anakichukua na kukificha nyumbani. Usiku mwanamke anamjia ndotoni akidai mali yake, na hapo ndipo mapatano yanapofanyika: atapewa utajiri, kwa sharti la kutunza siri na kutokuwa na mwanamke mwingine. Akivunja sharti anapoteza kila kitu, na wapo wanaosimulia kwamba bei yenyewe ni maisha ya ndugu zake. Kila mtu mtaani aliyetajirika ghafla bila kueleweka alipata umbeya wa aina hiyo.

Sasa picha hiyo ilitoka wapi? Hapa historia inajulikana vizuri kuliko kawaida, hasa kutokana na kazi ya mwanahistoria wa sanaa Henry John Drewal kuhusu Mami Wata, jina ambalo mwanamke huyu anajulikana nalo kuanzia Senegali hadi Kinshasa. Sehemu ya kwanza ni ya zamani: wachongaji wa pembe za ndovu wa Sierra Leone waliofanya kazi kwa oda za Wareno, kati ya miaka ya 1490 na 1530 hivi, walikuwa wameshaanza kuchonga nguva wenye mikia ya samaki kwenye vyombo vya mezani. Sehemu ya pili ni ya ajabu zaidi. Katika miaka ya 1880 kiwanda cha uchapaji cha Adolph Friedländer huko Hamburg, Ujerumani, kilichapa bango la rangi la mwanamke mcheza-nyoka aliyekuwa akionyeshwa katika maonyesho ya watu na wanyama. Nywele zake zimetawanyika, nyoka mmoja amemzunguka kiunoni na kupanda kifuani, na mkononi ameshika mwingine. Bango hilo lilifika delta ya mto Niger, nchini Nigeria, na mwaka 1901 mpigapicha J. A. Green alipiga picha huko Bonny ya kinyago cha kichwani kilichochongwa kwa kuliiga.

Tazameni jambo moja katika bango lile: mwanamke anaonekana kuanzia kiunoni kwenda juu tu. Mchapaji wa Hamburg hakuonyesha miguu. Watu wa delta, ambao walikuwa wamewaona nguva wa Kizungu katika nakshi za meli, na ambao walikuwa na pepo wao wa majini tangu zamani, waliijaza nafasi ile wenyewe, na kilichojaza kilikuwa mkia wa samaki. Mwaka 1955 bango lilichapwa upya Bombay, nakala 12,000, kwa maombi ya wafanyabiashara wa Kumasi nchini Ghana. Kwa hiyo yule mwanamke wa sebule za Lubumbashi ana nasaba inayopita Ujerumani, India na Afrika Magharibi, na bado ni wa kwetu kabisa, kwa kuwa mapatano, siri na saa ya mkononi havikuwa katika bango la mtu yeyote.

Kuanzia miaka ya 1980 makanisa ya uamsho yalipoenea, picha hizo zilianza kuondolewa ukutani. Wahubiri hawakusema kwamba Mamba Muntu hayupo. Walisema yupo, na kwamba ni shetani.

Mkaazi wa Chwaka

Nawashukuru sana nyote. Ndugu Mwana wa Katanga, umeeleza jinsi picha ilivyosafiri, lakini umegusia pia kwamba ilikuta pepo wa majini waliokuwepo. Hao walikuwa na sura gani kabla ya picha kufika? Na je, wale wa Zimbabwe ni Mami Wata huyuhuyu?

Msafiri wa Tunduma

Naomba niingie hapa, kwa kuwa nimeishi Harare kwa miaka kadhaa na nimesikia habari za njuzu kutoka kwa Washona wenyewe. Njuzu ni wa zamani kuliko bango lolote la Hamburg, na kazi yake ni tofauti sana na ya Mamba Muntu. Anakaa katika vilindi vya mito na vidimbwi visivyokauka, na anapomchukua mtu haimaanishi lazima kwamba mtu huyo amekufa. Familia inaambiwa isilie kabisa, kwa sababu chozi moja linaweza kumfanya asirudishwe. Badala ya msiba inapikwa pombe ya mtama, ngoma zinapigwa ukingoni, na mtu huyo akirudi, anarudi akiwa mganga mwenye elimu ya dawa aliyofundishwa chini ya maji. Anayelilia maiti amepoteza ndugu. Anayevumilia amepata mganga.

Ukijua hivyo, habari ya waziri Nkomo inabadilika. Alipozungumza na kamati ya bunge alisema kwamba njia pekee iliyobaki ni kupika pombe ya jadi na kufanya matambiko, na hilo ni jibu la mtu anayefahamu desturi ya njuzu. Magazeti ya nje yalipoandika habari hiyo yalimgeuza njuzu kuwa nguva wa hadithi za watoto, msomaji wa Ulaya akamwona binti mwenye magamba ya kijani akikaa juu ya mtambo wa pampu, na dunia nzima ikacheka. Mafundi wale hawakumwogopa binti huyo. Waliogopa mwenye mahali.

Wapo wengine wa aina hiyo. Waduala wa Kamerun wana miengu, ambao kila Desemba katika sikukuu ya Ngondo hupelekewa ujumbe chini ya mto Wouri na mzamiaji anayerudi na majibu yao kuhusu mwaka unaokuja. Katika pwani yetu yupo chunusi, anayevuta waogeleaji, na sijapata kumsikia mtu akimpa chunusi kitana, kioo wala uzuri wa namna yoyote. Warusi nao wana rusalka, roho ya msichana aliyekufa maji, mwenye miguu kama ya mtu yeyote. Wote hawa wanazungumzia jambo ambalo kila aliyeishi kando ya maji analijua, kwamba maji yanalisha na maji yanaua, na kwamba kuna mahali ambapo watu hupotea zaidi kuliko kwingine. Mkia wa samaki wanakuja kuvalishwa baadaye, na wengine hawajavalishwa hadi leo.

Nahodha Mstaafu

Bi Saada, marahaba. Mlichosema wewe na wenzako nimekisoma kwa makini, nami nitashikilia nusu ya hoja yangu: pale ambapo mnyama yupo, hadithi hupata uhai mpya kila anaponaswa. Leo nguva wengi zaidi wa upande huu wa Bahari ya Hindi wako Bazaruto, Msumbiji, na kwetu wamebaki wachache mno kiasi kwamba kijana wa Kilwa anaweza kuvua maisha yake yote asimwone hata mmoja. Sitashangaa kama nguva wa picha atakuwa ndiye pekee atakayemjua.

Mpenda Ushahidi

Nimefuatilia mjadala wote na sijaona mtu akijibu swali ambalo wengi wetu tunalo. Je, umewahi kupatikana mwili wa nguva wa hadithi ukachunguzwa na wataalamu?

Binti Saada

Ndugu Mpenda Ushahidi, imepatikana miili mingi, na karibu yote yenye sifa imetoka Japani, ambako mafundi wa zamani walikuwa na ustadi mkubwa wa kuunganisha sehemu za wanyama mbalimbali.

Uliosababisha hasara kubwa zaidi ulinunuliwa na nahodha Mmarekani, Samuel Barrett Eades, ambaye ili apate fedha za kuununua aliiuza meli aliyokuwa akiiongoza, ingawa sehemu kubwa ya meli hiyo ilikuwa mali ya mtu mwingine. Aliuonyesha London mwaka 1822 na watu walipanga foleni, hadi wataalamu wa anatomia walipoeleza kwamba umeundwa kwa nyani na samaki. Eades alibaki na deni alilolifanyia kazi miaka yote iliyobaki. Miaka ishirini baadaye kiumbe yuleyule, au anayefanana naye, alikodishwa na P. T. Barnum kwa ajili ya jumba lake la maonyesho la New York. Barnum alisambaza kwanza picha za wanawake wazuri wenye mikia. Waliolipa kiingilio wakaingia ndani na kukuta kitu kikavu, cheusi, kilichokunja uso kama kinachopiga kelele. Mlalamiko wao ni ule ule wa Columbus.

Mwingine ulichunguzwa juzijuzi tu. Hekalu la Enjuin katika mji wa Asakuchi, mkoa wa Okayama, lilikuwa na mwili mdogo wenye urefu wa sentimita 30 hivi, wenye meno makali na mikono iliyoinuliwa usoni, pamoja na karatasi iliyosema kwamba ulinaswa katika bahari ya Tosa katika karne ya 18. Watu walikuwa wakiuombea afya na maisha marefu, jambo linaloeleweka mtu akijua hadithi ya Kijapani ya Yao Bikuni, msichana aliyekula nyama ya kiumbe huyo bila kujua akaishi miaka 800, akizika mume baada ya mume, hadi akajifungia pangoni katika mji wa Obama, hukohuko Japani. Mwaka 2022 chuo kikuu cha sayansi na sanaa cha Kurashiki kiliuchukua na kuupiga eksirei na kuuskani, na matokeo yakatolewa Februari 2023. Ndani hapakuwa na uti wa mgongo wala fuvu. Sehemu ya juu ilikuwa ya kitambaa, karatasi na pamba, ikafunikwa kwa ngozi ya bunju na kubandikwa nywele za mnyama. Taya lilikuwa la samaki mla nyama. Sehemu ya chini ilikuwa mkia halisi wa samaki. Watafiti walikadiria kwamba ulitengenezwa mwishoni mwa karne ya 19, yaani zaidi ya miaka mia moja baada ya tarehe iliyoandikwa kwenye karatasi yake.